Kumiliki Faiba ya Mji na Kuuza Intaneti ni Maswali Mawili: Ulinganisho wa Njia Zilizopo

Kila mji ukianza kuongelea habari ya kuwa na intaneti yake mjadala unageuka haraka kuwa wa ndiyo au hapana. Upande mmoja wanasema serikali haijui biashara, itazamisha kodi zetu, upande wa pili wanasema kampuni zinaangalia faida tu na mitaa ya pembeni haitafikiwa hata miaka 20 ijayo, na wote wana mifano ya kweli mkononi, ndo maana hawamalizi kubishana. Ninachokiona mimi ni kwamba watu wanabishania maswali mawili wakidhani ni moja. Kuna swali la nani amiliki faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha intaneti kwa mwanga, zilizo ardhini na kwenye nguzo, halafu kuna swali la nani auze huduma, apokee simu za wateja, atume bili na aamke usiku laini ikikata. Halmashauri inaweza kujibu ndiyo kwenye la kwanza na hapana kwenye la pili, na ipo miji iliyofanya hivyo hivyo na ikafika.

Kwa hiyo ukiyatenganisha hayo mawili unapata njia kama nne hivi. Mji umiliki na uendeshe wenyewe mpaka kwa mteja wa mwisho. Au umiliki nyuzi tu na kampuni yoyote iruhusiwe kuuza huduma juu yake. Au ujenge halafu ukodishe kwa kampuni moja kwa mkataba mrefu. Au usimiliki kitu, uachie kampuni binafsi na kazi ya mji iwe kurahisisha vibali na kusimamia. Ipo na ya ushirika wa wananchi wenyewe, hiyo nitaigusa kidogo mbele.

Kabla ya kulinganisha lazima tuelewe hela inaenda wapi, maana bila hapo utaona kila njia ni nzuri. Kwenye mtandao wa faiba kinachokula hela sio waya wenyewe. Ni kuchimba, kufukia, kurudishia lami, vibali, kupanda nguzo, kuingia nyumba moja moja. Waya ukishalala chini unakaa miongo, mitambo ya kuwasha mwanga kwenye ncha zake ndo inabadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na ukibadilisha hiyo mitambo kasi inapanda bila kuchimba tena. Sasa hapo ndo penye shida ya ushindani. Kampuni ya kwanza ikishachimba mtaa wako, ya pili inapiga hesabu inaona itatumia hela ile ile kugombania nusu ya wateja wale wale, inaghairi. Mtaa unabaki na mwenye waya mmoja, na huyo mmoja anapanga bei anavyotaka na kukarabati anapotaka. Na mtaa wenye nyumba chache zilizoachana mbali haupati hata huyo mmoja.

Mji umiliki na uendeshe wenyewe

Mfano ambao kila mtu anautaja ni Chattanooga, jimbo la Tennessee kule Marekani, na unastahili kutajwa ila inabidi usimuliwe wote sio nusu. Mji ule una shirika lake la umeme linaitwa EPB. Shirika lilitaka kuuboresha mtandao wake wa umeme uwe wa kisasa, mita na maswichi yawe yanawasiliana, na kwa hilo faiba ilihitajika kwenda kila kona. Wakaona kama faiba inaenda kila nyumba kwa ajili ya umeme basi iuze na intaneti humo humo. Mwaka 2009 wakapata ruzuku ya serikali kuu, kama dola milioni 111, zikaongezewa na mikopo, kazi ikaenda mbio na mwaka 2010 wakatangaza kasi ya gigabiti 1 kwa sekunde kwa eneo lao lote, wakati ambao miji mikubwa ya nchi ile ilikuwa haijaota kitu kama hicho. Mwaka 2015 wakafika gigabiti 10, mwaka 2022 wakafika 25. Angalia hapo, nyuzi ni zile zile, walichobadilisha ni mitambo.

Kilichofuata kinafurahisha sana. Umeme ukikatika kwa mti kuanguka, maswichi yanajitenga yenyewe na kuzungusha umeme njia nyingine, nyumba nyingi zinarudi kabla fundi hajavaa buti. Janga la corona lilipofunga shule mwaka 2020, EPB na shule za Hamilton County wakaandaa intaneti ya bure kwa wanafunzi wa familia zenye kipato kidogo, walengwa kama 28,000. Mwanauchumi Bento Lobo wa Chuo Kikuu cha Tennessee tawi la Chattanooga alikadiria kwamba faida kwa jamii katika miaka 10 ya mwanzo ilifika dola bilioni 2.69, akijumlisha ajira, umeme kutokatika ovyo na mengine. Unaweza kubishana na hesabu ya aina hiyo, makadirio ni makadirio, lakini hata ukiikata nusu bado ni kubwa kuliko gharama yenyewe.

Sasa nusu nyingine ambayo watu wanairuka. EPB hawakuanzia sifuri. Walikuwa na nguzo zao, magari ya ngazi, mafundi wanaopanda nguzo kila siku, mfumo wa bili unaofika kila nyumba, kituo cha simu, na wananchi waliokwisha kuwaamini kwa miaka. Na walipata ruzuku kubwa ambayo mji mwingine hauwezi kuihesabia. Halmashauri isiyo na shirika la umeme wala la maji ikisema itakuwa Chattanooga inajidanganya, nalisema hili nikiwa shabiki wa Chattanooga.

Miji mingine ya njia hii ina sura ile ile. Wilson, North Carolina, ina umeme wake, ikaanzisha huduma inaitwa Greenlight mwaka 2008. Lafayette, Louisiana, ina shirika lake, wananchi walipiga kura mwaka 2005 na asilimia 62 wakasema tujenge, ila kesi zikawachelewesha mpaka mteja wa kwanza akaunganishwa mwaka 2009. Longmont, Colorado, ina umeme wake pia na ilikuwa na mzunguko wa faiba tangu miaka ya 1990, kura ya kwanza ya mwaka 2009 ilishindwa baada ya kampuni za kebo kufanya kampeni kali, ya mwaka 2011 ikapita, na mwaka 2013 wakaidhinisha hati fungani za dola milioni 45.3 kujenga mji mzima. Waliojiunga mapema walipewa gigabiti kwa dola 49.95 kwa mwezi. Unaona mchoro? Shirika la huduma lipo tayari, wananchi wamepiga kura, deni linajulikana ni kiasi gani.

Upande wa pili wa njia hii hii ni Burlington, Vermont. Mji ukaanzisha Burlington Telecom, ikawa haiingizi ya kutosha, na uongozi ukachukua dola milioni 17 kutoka mfuko wa pamoja wa fedha za mji kuziba pengo, kinyume na masharti ya leseni yao. Mambo yalipojulikana hadhi ya mji kukopesheka ikashuka, Citibank iliyokuwa imegharamia vifaa ikaushitaki mji ikidai dola milioni 33, na mwisho wa yote huduma ikauzwa kwa kampuni binafsi. Huduma yenyewe haikuwa mbovu, watu waliipenda. Kilichoua ni mfuko wa mtandao na mfuko wa mji kutokuwa na ukuta kati yao, na madiwani kutoambiwa ukweli mapema. Mimi nikisoma habari ya Burlington ndo naelewa wanaoogopa, wana haki ya kuogopa.

Mji umiliki nyuzi, kampuni ziuze

Hii ndo naipenda zaidi, nisifiche. Ni kama stendi ya mabasi, halmashauri inajenga stendi na kukusanya ushuru, mabasi ni ya watu binafsi na abiria anachagua analotaka. Mji haushindani na kampuni, unazikodisha njia, na mteja akichoka na kampuni moja anahamia nyingine kwenye waya ule ule bila mtu kuja kuchimba ua wake.

Stockholm walianza hivi mwaka 1994, wakaunda kampuni ya mji inaitwa Stokab. Stokab haiuzi intaneti kwa mtu wa nyumbani kabisa. Inakodisha faiba tupu, yaani nyuzi ambazo hazijawashwa, mwenye kampuni anakuja na mitambo yake anaziwasha mwenyewe, na masharti ni sawa kwa wote, mkubwa na mdogo. Walienda taratibu, wakaanza na wateja wenye uhakika kama hospitali, shule na ofisi za umma, mapato ya hapo yakasaidia kupanua kwenda majengo ya makazi. Zaidi ya kampuni 100 zinakodi pale. Na hata mitandao ya simu ilinufaika, kwa sababu mnara wa simu nao unahitaji faiba nyuma yake, na Stockholm ni moja ya miji miwili ya kwanza duniani kuwa na 4G ya kibiashara, Desemba 2009, mwingine ni Oslo. Sisemi Stokab peke yake ndo sababu ila ukiwa na nyuzi kila mahali za kukodi, kuweka minara inakuwa kazi nyepesi.

Mji mdogo nao unaweza, sio lazima uwe mji mkuu. Ammon kule Idaho ni mji mdogo tu, walianza kwa kuunganisha majengo yao ya mji, baadaye wakapanua kwa wakazi kwa mtindo ambao nauona wa haki kuliko yote: mtaa unaitwa, wanaotaka faiba wanajiandikisha, na gharama ya ujenzi inabebwa na waliojiandikisha kwa malipo ya miaka mingi, asiyetaka halipi kitu. Mteja akiingia kwenye ukurasa wake anaona kampuni zilizopo, anabonyeza, anahama kampuni papo hapo. Kampuni ikijua mteja anaweza kuondoka leo leo inakuwa na adabu. Na Uswisi, mfano Zürich ambako shirika la umeme la mji linaitwa ewz lilishirikiana na kampuni ya simu ya Swisscom, wamelaza nyuzi 4 kwa kila nyumba badala ya moja, ili kampuni mbalimbali ziweze kufika bila kugombania uzi mmoja. Gharama ya kuongeza nyuzi wakati mtaro uko wazi ni ndogo sana ukilinganisha na kuja kuufungua tena.

Lakini njia hii nayo imeua watu, kifedha naongelea. Provo, Utah, walikopa dola milioni 39 wakajenga iProvo. Sheria ya jimbo iliwabana wasiuze kwa wateja moja kwa moja kwa hiyo wakategemea kampuni chache za kati, wateja wakawa wachache kuliko walivyopiga hesabu, na mji ukabaki na deni lote huku sehemu ya mapato ikiishia kwa kampuni. Mwaka 2008 wakauza kwa kampuni binafsi, mnunuzi akashindwa kulipa, mtandao ukarudi, na mwaka 2013 wakaikabidhi Google Fiber, huduma ya intaneti ya kampuni ya Google, kwa dola 1. Dola moja. Wananchi wakaendelea kulipa deni kidogo kidogo kwenye bili zao za mwezi kwa mtandao ambao sio wao tena.

Jirani zao wa UTOPIA, muungano wa miji ya Utah ulioanzishwa mwaka 2002, nao waliumia mwanzoni kwa kosa linalofanana. Miji 11 iliweka mapato ya kodi ya mauzo kama dhamana ya mikopo, ujenzi ukatapakaa vipande vipande kabla wateja hawajawa wa kutosha, na miji ikalazimika kulipa deni kutoka mfukoni. Tofauti yao na Provo ni kwamba hawakuuza. Walibadilisha utaratibu, wakaanza kujenga pale tu ambapo mahitaji yanaonekana na mapato yake yanaweza kubeba deni jipya, na leo UTOPIA ni mmoja wa mitandao mikubwa ya wazi nchini kwao, kampuni nyingi zinauza humo. Deni la zamani bado wanalilipa. Wakuzaji wa hii njia huwa hawapendi kuitaja hiyo miaka ya mwanzo, mimi naona inafaa itajwe kila mara maana inafundisha zaidi kuliko Stockholm. Stockholm ilikuwa na wapangaji wakubwa mlangoni tangu siku ya kwanza, mji wako labda hauna.

Mji ujenge, kampuni moja ikodi

Hapa nitapita haraka. Huntsville, Alabama, shirika la huduma la mji lilijenga faiba, mwaka 2016 ikatangazwa kwamba Google Fiber ndo mpangaji wa mwanzo, analipa kodi kwa mkataba mrefu na yeye ndo anahangaika na wateja. Faida ni kwamba mji unajua mapato yake mapema na shirika la umeme linatumia nyuzi hizo hizo kwa kazi zake. Hasara ni dhahiri, ukiwa na mpangaji mmoja una bei moja, mpaka mwingine aje. Ukiingia njia hii hakikisha mkataba hauzuii mpangaji wa pili, na kodi isiwe inategemea idadi ya wateja peke yake, mpangaji alipe hata kama nyumba hazijajiunga, la sivyo hatari yote imerudi kwako.

Kuachia kampuni

Hii ndo hali ya sehemu nyingi na tusiidharau. Penye msongamano wa watu na kampuni mbili tatu zinazopigana kweli, halmashauri kuingia na hela za kodi ni kupoteza, kampuni zitashusha bei tu mpaka mradi wa mji ufe halafu zipandishe. Mji unaweza kufanya mambo ya bei ndogo yakabadilisha hali: barabara ikichimbwa kwa ajili ya maji au lami, mabomba matupu ya kupitishia faiba yalazwe hapo hapo, kampuni zishirikiane nguzo kwa ada inayojulikana, kibali kitoke kwa siku zinazohesabika sio kwa kufahamiana.

Ila na kampuni binafsi nazo zinaondoka, hilo watu wa soko huria hawalisemi kwa sauti. Google Fiber iliingia Louisville, Kentucky, ikajaribu kulaza nyaya kwenye mifereji mifupi sana ya kina cha inchi 2 kwenye lami, nyaya zikaanza kujitokeza juu, na mwaka 2019 ikafunga huduma mji mzima, ikaulipa mji dola milioni 3.84 kurekebisha barabara. Wateja wakaambiwa tafuteni pengine. Kabla ya hapo Philadelphia ilikuwa na mpango mkubwa wa wifi ya mji mzima na kampuni ya intaneti ya EarthLink, vifaa vikawa vinahitajika vingi kuliko walivyokadiria, mawimbi hayapenyi vizuri kuta za matofali, wateja wachache, na mwaka 2008 EarthLink ikajitoa. Kampuni ikishindwa inahamisha mtaji wake, mji hauna pa kuhamia.

Wananchi kuchimba wenyewe nako kupo, kaskazini ya Uingereza kuna B4RN, shirika la jamii lililoanza mwaka 2011 huko vijijini Lancashire, wakulima wakatoa njia kwenye mashamba yao bure, watu wakajitolea kuchimba, wakauza gigabiti 1 kwa pauni 30 kwa mwezi. Inafaa sana vijijini ambako watu wanajuana na ardhi ya kupitisha waya ni yao. Mjini kwenye lami na mabomba ya kila aina chini sioni ikienda.

Sasa tuzipange kwa yale yanayouma

Deni. Mji ukimiliki na kuendesha, hatari yote ni ya mji, faida yote pia. Ukimiliki nyuzi tu, bado deni la kuchimba ni lako, ila umepunguza gharama za kuendesha: wafanyakazi wa mauzo, kituo cha simu, vifaa vya nyumbani kwa mteja. Ukiachia kampuni huna deni, ila pia huna chochote cha kushikilia siku kampuni ikipandisha bei. Na hapa kuna swali moja ninaloliona ni kubwa kuliko yote, dhamana ya mkopo ni nini? Kama ni mapato ya mtandao wenyewe peke yake, anayekukopesha atakagua hesabu zako kwa ukali, na huo ukali ni rafiki yako. Kama ni kodi ya wananchi wote, mkopeshaji hatajali sana hesabu zako, atalipwa tu, na hapo ndo UTOPIA waliponasa.

Kazi ya usiku. Intaneti sio barabara ya kusema tutaziba shimo mwaka wa fedha ujao. Laini ikikata saa nane usiku lazima mtu awe macho, awe na gari, vipuri viwepo stoo, na ununuzi wa kipuri usisubiri kikao cha tenda. Mashirika ya umeme na maji yana utamaduni huo tayari. Idara ya tehama ya halmashauri yenye watu watano haina, na kuwalaumu sio haki, haikuundwa kwa kazi hiyo. Kama jibu lako kwenye hili ni hapana basi futa njia ya kwanza kwenye orodha, usiendelee kuipigia hesabu.

Bei na ushindani. Njia ya kuendesha mwenyewe inaleta mshindani mmoja wa kweli, na mara nyingi kampuni za zamani zinaamka zinaongeza kasi, hiyo ni faida hata kwa asiyejiunga na mji. Njia ya nyuzi wazi inaleta washindani wengi lakini sharti wawepo, mji ukiwa mdogo sana kampuni zinazokuja zinaweza kuwa mbili dhaifu, ndo yaliyoikuta Provo. Kwa hiyo kabla ya kujenga nenda kaongee na hizo kampuni, upate maandishi kwamba zitakuja, sio ahadi za kwenye chai.

Siasa na uhuru. Wanaonishangaza ni wanaosifia mtandao wa serikali bila kugusa hili. Anayeendesha huduma anaweza kuona nani katembelea nini, anaweza kupunguza kasi, anaweza kuzima. Kampuni binafsi nayo inaweza, tena inaweza kuuza taarifa zako, lakini kampuni haina polisi wala haigombei uchaguzi. Mji ukikodisha nyuzi tupu haupitishi taarifa za mtu kwenye mitambo yake, mitambo ni ya kampuni, na ziko nyingi, kuwazima wote kwa simu moja ni vigumu zaidi. Kwangu hii ni sababu kubwa ya kutenganisha kumiliki na kuendesha, hata kama mji wenu una viongozi wazuri leo, nyuzi zitakaa chini kuliko wao madarakani. Mji ukiamua kuendesha basi chombo kiwe na bodi yake, sheria ndogo ya faragha iandikwe kabla ya mteja wa kwanza, na meya asiwe na namba ya kumpigia fundi.

Sheria. Marekani majimbo kadhaa yanazuia au kubana miji isifanye hii biashara, nyingi ya sheria hizo zilisukumwa na kampuni za kebo na simu. North Carolina walipitisha yao mwaka 2011 baada ya Wilson kufanikiwa. Tume ya mawasiliano ya serikali kuu, FCC, ikajaribu mwaka 2015 kuzitengua za Tennessee na North Carolina, mahakama ya rufaa ikasema mwaka 2016 kwamba tume haina mamlaka hayo, na kijiji cha Pinetops kilichokuwa kimeunganishwa na Wilson kikawa hatarini kukatiwa. Upande wa pili Colorado ilikuwa na sheria ya mwaka 2005 ya kulazimisha kura kabla ya mji kuanza, ikaja kuiondoa mwaka 2023 baada ya miji mingi kupiga kura ya ndiyo. Popote ulipo, mwanasheria asome leseni na sheria ya serikali za mitaa kabla mhandisi hajachora ramani.

Ningechagua vipi

Mji wenye shirika lake la umeme linaloheshimika, lenye hesabu safi, na kampuni zilizopo zimelala, mimi ningesema endesheni wenyewe, msiogope, mna kila alichokuwa nacho Chattanooga isipokuwa ruzuku, kwa hiyo jengeni kwa awamu badala ya mkupuo mmoja.

Mji wenye uwezo wa kukopa lakini hauna shirika la huduma, na una hospitali, vyuo, benki, ofisi za umma za kutosha ndani yake, chukueni nyuzi wazi. Anzeni na hao wakubwa, mtandao ujilipe kwao kwanza, ndo muingie mitaani, na mtaani muingie kwa mtindo wa Ammon, nyumba zijiandikishe na kuweka ada kidogo kabla jembe halijagusa ardhi. Mtu kusema kwenye fomu kwamba anataka intaneti nafuu ni rahisi, kila mtu atasema anataka, ada hata ikiwa ndogo ndo inaonyesha nani atajiunga kweli.

Mji ambao halmashauri yake haijawahi kufunga hesabu bila hoja za ukaguzi usikope kwa faiba sasa hivi. Sisemi wananchi wake hawastahili, wanastahili kuliko wengine wote, ila deni litawakalia wao. Huo ulaze mabomba matupu kila barabara inapofunguliwa, uyaweke kwenye ramani, uyaandike kwenye daftari la mali za mji, na uyakodishe kwa masharti yaliyo wazi kwa yeyote. Bomba tupu haliozi haraka, halihitaji fundi wa usiku, na siku mji ukipata uongozi unaoeleweka sehemu ngumu ya kazi itakuwa imeshalala chini, ni kuvuta waya tu.

Na yeyote atakayefika hatua ya mkataba na kampuni, kwa njia yoyote kati ya hizi, kipengele cha kugombania mpaka jasho likutoke ni kile cha mwisho: kampuni ikiondoka, ikifilisika au ikiuzwa, nyuzi na mabomba ni ya nani, na ramani yake iko kwa nani. Kampuni nyingi zitakubali kupunguza bei mwaka wa kwanza kirahisi, hapo kwenye umiliki ndo zitasita, na zikisita usisaini mpaka yaandikwe.